Namna ya Kusoma Sosholojia Mwaka wa Kwanza Ukiwa Mwanza

Kila muhula ukikaribia mwisho, karatasi inayotolewa kopi kuliko zote kwenye steshenari yangu hapa Malimbe ni ile ya maana za istilahi: jamii ni nini, utamaduni ni nini, kaida ni nini, hadhi ni nini. Imetolewa kopi ya kopi mpaka wino umefifia, na upande wa nyuma kuna mstari hausomeki kabisa. Watu wanaimeza hivyo hivyo, na pengo lake. Kwa kuwa nami nilisoma sosholojia kabla sijafungua duka, mtu akileta lile karatasi nashindwa kunyamaza. Ninayomwambia wakati mashine inapasha moto ndiyo haya, ila hapa nimeyanyoosha kidogo maana hakuna foleni nyuma yako.

Somo hili linaangusha watu kwa sababu linaonekana rahisi. Familia, dini, elimu, umaskini: mada zote mtu ameziishi, basi anaingia darasani akiamini anazijua, na kwenye mtihani anaandika kile ambacho angeandika hata bila kufika chuo. Mhadhiri anasoma kurasa nne za maoni ya kijiweni, anaweka saba kati ya ishirini, na mdogo wangu anakuja dukani kulalamika kuwa amebaniwa.

Chagua mahali pamoja, kaa napo muhula mzima

Wiki ya kwanza, kabla hujanunua desa lolote (ule muhtasari wa somo wa kukariri), chagua mahali pamoja hapa Mwanza ambapo watu hukutana kwa shughuli, halafu kila mada itakayofundishwa uipeleke hapo hapo. Stendi ya Nyegezi inafaa. Kivuko cha Kamanga kinafaa. Soko la Igoma, kijiwe cha bodaboda Buhongwa, kwaya yako ya parokiani, vyote vinafaa. Bweni halifai, umo ndani mno, utaishia kuandika umbea.

Mimi nilishika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa sababu mama yangu anauza dagaa pale na nilikuwa na pa kukaa bila kufukuzwa. Faida yake utaiona muhula ukishafika katikati. Hutafuti tena mifano. Unawajua watu, bei, ugomvi wao, nani anamwamkia nani. Mwenzako aliyekariri mfano wa kitabu kuhusu mitaa ya Chicago anahangaika kukumbuka Chicago ilikuwaje. Wewe unakumbuka juzi.

Nenda na daftari dogo, lakini usilitoe ovyo. Mgeni mwenye daftari ufukweni hudhaniwa ni mtu wa doria ya uvuvi haramu au wa ushuru, na ukishadhaniwa hivyo hakuna atakayekwambia neno la kweli. Anzia kwa viongozi. Kwenye mialo kuna BMU, kikundi cha wanajamii wenyewe cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Sokoni kuna uongozi wa soko. Jieleze, onyesha kitambulisho cha chuo, omba ruhusa. Salimia kama watu wa hapa wanavyosalimiana: "mwangaluka" ya asubuhi kwa mama wa Kisukuma hufanya kazi ambayo barua ya idara haifanyi. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Majina yasiingie daftarini. Andika "muuzaji wa kwanza", "kuli mwenye kofia". Haya yote utayakuta mbele kwenye somo la mbinu za utafiti chini ya kichwa cha maadili, basi yazoee mapema.

Kila ukurasa uchore mstari katikati. Kushoto andika ulichoona: wanaobeba magunia ni wanaume, wanaochambua ni wanawake, anayeandika hesabu amekaa kwenye kiti. Kulia andika swali: kwa nini iwe hivyo, na ni nani angekasirika ikibadilika? Alama zinatoka kulia, ila bila kushoto unakuwa unahubiri.

Gunia moja, maswali matatu

Karibu kila kozi ya utangulizi hufundisha mitazamo mitatu: uamilifu, mgogoro, na mwingiliano wa kiishara. Wanafunzi huishika kama dini, kila mtu na yake, wakabishana ipi ya kweli. Iache iwe maswali matatu tofauti unayokiuliza kitu kilekile.

Tuchukue gunia la dagaa. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola zimeenea. Mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika, kwa sababu taa haivuti samaki kukiwa na mwanga juu. Wakifika nchi kavu dagaa huanikwa, mchangani au kwenye chanja, hufungwa magunia, hupandishwa boti kutoka visiwani, hushushwa Kirumba, na hapo wanunuzi huyachukua, mengine yakivuka hadi Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwanauamilifu anauliza kila sehemu inafanya kazi gani ili mzima usimame. Hesabu mikono: mvuvi, mwanikaji, mwenye boti, kuli, mchambuaji, dereva wa lori, na mama ntilie anayewalisha wote. Hapa ndipo Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, anaingia, na kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi. Alitofautisha mshikamano wa watu wanaofanana, wenye kazi moja na imani moja, na mshikamano wa watu wasiofanana ila hakuna awezaye kuishi bila mwenzake. Sokoni Kirumba utakuta Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya na Mkongomani, wengine hawasali pamoja wala hawali pamoja, lakini kuli akigoma asubuhi moja wote wanajua. Merton akaja kuongeza, mwaka 1949, kwamba jambo laweza kuwa na dhima dhahiri na dhima fiche. Kikoba cha akina mama wa dagaa, dhima yake dhahiri ni kuweka na kukopa. Dhima fiche ni kwamba pale ndipo inapojulikana nani ana mgonjwa, nani amechezea mizani, na mzigo wa Ukerewe unaingia lini. Ukiweza kutoa mfano wa dhima fiche ambao haumo kwenye desa, umeshamwamsha msahihishaji.

Mtazamo wa mgogoro, ule wa Marx na waliomfuata, unauliza nani anapata nini na nani anaamua. Mwenye mtumbwi, injini na nyavu, ziwani anaitwa tajiri, hata kama mtumbwi wenyewe ni mmoja na unavuja. Mvuvi ana mikono yake. Mapato hugawanywa baada ya kutoa gharama za mafuta na chakula. Uliza: gharama hizo anaziandika nani? Uliza kwa nini wanawake ni wengi kwenye chanja na wachache mno kwenye umiliki wa mitumbwi. Uliza kuhusu bondo la sangara, kile kibofu chake cha hewa, lile linalosafirishwa hadi China kwa bei inayoshinda minofu: faida inabaki mkononi mwa nani, na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yanaliwa na nani?

Halafu jibishana naye. Marx (1818–1883) aliandika akitazama viwanda vya Ulaya, ambako mwenye kiwanda na kibarua hawakuwa ndugu. Tajiri wa mwaloni mara nyingi ni mjomba wa mvuvi wake, na ndiye atakayelipa ada ya mtoto wa mvuvi huyo mwezi Januari. Je, undugu huo unapunguza unyonyaji au unauficha? Mimi nina jibu langu na mama ana lake, tumeshindwa kukubaliana. Kwenye mtihani huhitaji kumaliza ubishi huo. Unahitaji kuonyesha kwamba umeuona. Aya ya ukosoaji ndiyo inayotenganisha B na A.

Mtazamo wa tatu unashuka chini kabisa, kwa watu wawili wanaopatana bei. Mead ndiye mzizi wake, Blumer ndiye aliyeupa jina mwaka 1937, na Goffman ndiye utakayempenda. Alisema maisha ya kila siku yana jukwaa na nyuma ya jukwaa. Mama yangu ana sauti mbili. Ya mbele ya meza inaapa kwamba kwa bei hiyo anakula hasara. Ya nyuma ya magunia, na wenzake, siiandiki hapa. Angalia pia wanavyoitana: mteja akiitwa "bosi" anaongezewa heshima ili aone aibu kupunguza, akiitwa "mwanangu" anafanywa ndugu ili aone aibu zaidi. Bei inabadilika kwa jina aliloitwa, na hakuna aliyeandika kanuni hiyo popote.

Ukishaweza kufanya hivi kwa gunia, familia na shule hazitakusumbua. Maswali ni yale yale.

Wazee wenye ndevu

Kwenye majina watu hupoteza muda kwa kukariri miaka ya kuzaliwa. Kwa kila mzee, shika jambo lililomnyima usingizi. Comte (1798–1857), aliyelitangaza jina la somo hili mwaka 1838, aliishi Ufaransa iliyokuwa bado inayumba baada ya mapinduzi ya 1789, akataka kujua nini kinaishikilia jamii isisambaratike. Marx aliona utajiri na njaa vikikua kwenye mtaa mmoja. Weber (1864–1920) alijiuliza kwa nini watu wanamtii mtu.

Huyo Weber kaa naye, kwa sababu Usukumani amejaa tele. Alitaja aina tatu za mamlaka halali: ya jadi, ya mvuto wa mtu binafsi, na ya sheria. Ntemi, mtawala wa jadi wa Wasukuma, alitiiwa kwa jadi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya watemi, na leo mtendaji wa kata anatiiwa kwa sababu ana muhuri na barua ya uteuzi. Akihamishwa, utii unabaki ofisini unamsubiri mwingine. Sasa lete sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwa Wasukuma na Wanyamwezi kupambana na wezi wa ng'ombe, wakiwa na viongozi wao, viapo vyao na adhabu zao, na serikali ikaja kuwatambua baadaye. Wako kwenye kisanduku kipi cha Weber? Ukijibu "kimoja tu" hujawafikiria. Hili ni swali zuri la semina, ukilileta wewe mwenyewe mhadhiri atakukumbuka.

Usiishie kwa Wazungu watatu wa kwenye desa. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddima mwaka 1377, akieleza kwa mshikamano alioutaja kuwa asabiya jinsi tawala zinavyoinuka na kuporomoka. Hiyo ni zaidi ya miaka mia nne kabla Comte hajazaliwa. Harriet Martineau ndiye aliyemfikisha Comte kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1853, na alikuwa mtafiti kwa haki yake. Du Bois alipita nyumba kwa nyumba kwenye kata moja ya Philadelphia, akatoa kitabu mwaka 1899 kuonyesha kuwa hali ya Wamarekani weusi ilitokana na historia na ubaguzi. Mtu akikuuliza sosholojia ya kweli inafanywaje kwa miguu, mtaje huyo.

Na siku ukifika mada ya dini, panda daladala uende Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Utawaona Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, wakishindana kwa ngoma, kila upande na dawa zake na mbwembwe zake. Durkheim, katika kitabu chake cha 1912, alieleza ile hali ya watu wengi kukusanyika wakawaka moto mmoja, kila mmoja akajisikia mkubwa kuliko nafsi yake. Kusoma aya ile baada ya kusimama kwenye vumbi la Bujora ni jambo jingine kabisa.

Shida ya mtu na suala la umma

Mada hii huwekwa mwanzoni mwa kozi, watu wanaipita haraka, nami naona ndiyo kozi yenyewe. Mwaka 1959 Mmarekani C. Wright Mills alisema tuna kazi ya kuunganisha shida ya mtu mmoja na suala la umma, yaani maisha yake na historia iliyomzunguka.

Chukua kibarua wa kiwanda cha minofu aliyeachishwa kazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyumbani wanasema ana nuksi, au kuna mtu amemtupia kitu. Rudi nyuma: sangara hakuwa samaki wa ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, viwanda vikafuata, soko kubwa likawa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja kwa sababu za usalama wa chakula. Uamuzi ulifanyika mbali, njaa ikaingia Igogo. Yule kibarua hakuuliza kuhusu Ulaya. Aliuliza kuhusu kodi ya chumba. Kazi yako ni kuchora njia kati ya hayo mawili, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Mazoezi yake yanafanyika kwenye daladala ya kwenda mjini. Sikiliza lalamiko moja. Jiulize anayelalamika ni mmoja au ni wengi wa aina yake, na ni kitu gani kilichobadilika juu ya vichwa vyao. Ila usigeuke mtu wa kusema "ni mfumo" kwa kila jambo. Jirani yangu amelewa tangu nimfahamu, na mfumo unahusika, lakini ndugu zake watatu waliolelewa nyumba ile ile hawanywi. Mills mwenyewe alitaka pande zote mbili.

Namba zisikutishe, wala zisikudanganye

Durkheim mwaka 1897 alichukua jambo la siri kuliko yote, mtu kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake hutofautiana kati ya makundi kwa mpangilio: Waprotestanti zaidi ya Wakatoliki, wasio na ndoa zaidi ya walio nayo. Alitumia takwimu za serikali. Waliokuja baadaye wakamuuliza: nani aliandika kwenye cheti kwamba kifo hiki ni cha kujiua, na familia ipi ilimwomba asiandike hivyo? Vyote viwili, hoja na pingamizi, viandike kwenye jibu lako.

Fanya hivyo hata kwa namba za nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na mkoa wa Mwanza 3,699,872. Ilifuata watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Sasa fikiria mvuvi wa kambi anayehama kumfuata dagaa: utaratibu wa kumhesabu aliyekuwa majini usiku ule uliwekwaje? Kautafute kwenye maelekezo ya makarani, na umeshapata mada ya kazi ya mbinu za utafiti.

Kazi ya kikundi

Fupi tu, maana nitakasirika. Mtegeaji yupo kila kikundi. Msigawane kazi kwa aya, kila mtu akaandika yake gheto mkaja kuunganisha dukani kwangu saa tatu usiku. Ndiyo maana jamii inapata maana tatu tofauti kwenye kazi moja. Gawaneni kwa hatua: wawili wakaangalie, wawili wasome, mmoja aandike yote kwa mkono mmoja, wote wasahihishe. Simmel alieleza kwamba kundi la wawili likiongezwa mtu wa tatu linakuwa kitu kingine, kwa kuwa sasa kuna wa kusuluhisha na wa kufitinisha. Mkigombana, angalau muwe na nukuu.

Siku za mtihani

Vyuo vingi huweka alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo usiwaamini wanaosubiri UE, yaani huo mtihani wa mwisho, iwaokoe. Mjadala wenu ufanyeni kwa Kiswahili, na Kisukuma kikibidi, mpaka kila mtu aweze kumweleza mama yake mtazamo wa mgogoro bila kutaja jina la Mzungu. Baada ya hapo ndipo muandike majibu kwa Kiingereza cha mtihani, sentensi fupi. Anayeanza na Kiingereza huishia kukariri sauti.

Swali la insha lijibu hivi: sema dai lako kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, eleza mtazamo kwa maneno yako, ulete mahali pako ulipopachagua na kitu ulichokiona kwa macho, kisha onyesha pale ambapo mtazamo unakwama. Historia ndefu ya sosholojia mwanzoni mwa kila jibu haina alama. Msahihishaji ameisoma kwenye vijitabu vyote vilivyotangulia cha kwako. Neno "jadili" kwenye swali linadai pande mbili, "eleza" linadai moja iliyonyooka, "linganisha" linadai vitu viwili viende pamoja kila aya, siyo kimoja ukurasa huu na kingine ukurasa ujao.

Gawa muda kwa idadi ya maswali kabla hujashika kalamu. Swali unalolipenda ndilo litakalokula muda wako, basi lifanye la pili. Na ukishindwa kukumbuka jina la mwandishi, eleza hoja yake na uendelee. Jina likikujia baadaye lichomeke pembeni. Kabla hujakusanya, geuza kijitabu utazame kama umeandika namba za maswali uliyoyajibu.